Weusi wa Kwenye Janti: Mwongozo kwa Mwenye Gari wa Bunia

Gari la Bunia hubeba vumbi la namna mbili, na wengi wetu huosha moja tukidhani tumeosha yote. La kwanza kila mtu analijua: vumbi jekundu la barabara, lile ambalo Januari na Februari hufunika hata majani ya migomba ya Mudzi-Pela. La pili halitoki barabarani. Linazaliwa ndani ya gurudumu lenyewe, ni jeusi au la kijivu, na hushika janti kwa namna ambayo maji ya ndoo peke yake hayaliondoi. Ukimwaga maji, jekundu linashuka, janti inang'aa kidogo kwa sababu imelowa, unaridhika. Ikikauka, weusi uko palepale.

Vumbi hilo la pili ni la breki. Unapokanyaga pedali, etriye inabana plaketi mbili juu ya disiki ya chuma, na msuguano huo ndio unaosimamisha gari. Hakuna msuguano usiokula kitu. Plaketi inalika, disiki nayo inalika kidogokidogo, na kinachotoka ni mchanganyiko wa chembe za chuma, kaboni, resini iliyoungua na metali nyingine kama shaba. Chembe hizo hutoka zikiwa za moto, na nyingi zina chaji ya umeme, ndiyo sababu zinaruka na kunata kwenye janti badala ya kuanguka chini. Ukitaka kuona kwa macho yako, kusanya unga mweusi kidogo kwa kitambaa chenye majimaji, uache ukauke juu ya karatasi. Kisha chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ivike mfuko wa plastiki, na ipitishe juu ya ule unga. Utasimama wenyewe kama nywele. Hicho ni chuma cha disiki yako.

Udongo wetu nao ni mwekundu kwa sababu ya chuma, lakini chuma hicho kilimaliza kuota kutu zamani sana na kimetulia. Hakina ugomvi na rangi ya janti, isipokuwa chembe zake za mchanga zinazokwaruza ukizisugua zikiwa kavu. Chuma cha breki ndiyo kwanza kinaanza kuota kutu. Kikipata umande wa asubuhi au mvua ya saa tisa, kinaota kutu kikiwa kimekaa juu ya vanishi, na baada ya miezi kadhaa kinaacha vidoti vya rangi ya chungwa ambavyo hakuna sabuni itakayovitoa. Kwenye janti za alumini, zile za RAV4, Harrier na Prado zinazotufikia kutoka Japani kwa njia ya Mombasa na Kampala, vidoti hivyo huingia chini ya vanishi na kuanza kuibandua. Land Cruiser za mashirika zenye janti za chuma huvumilia zaidi. Zikiharibika zinapigwa rangi upya na kazi imeisha.

Kabla ya kugusa maji, zunguka gari na tazama magurudumu yote manne. Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko penginepo, maana mwenye gari anayewaachia watoto wa lavaji kazi yote analipa kufutiwa habari ambazo hajazisoma. Magurudumu ya mbele yatakuwa meusi kuliko ya nyuma, na hiyo si kasoro: gari likisimama uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Probox na magari mengi madogo yana disiki mbele na tamburi nyuma, na tamburi hufungia vumbi lake ndani. Janti ya nyuma ya Probox ikiwa safi, hajaiosha mtu. Breki yake imeficha uchafu tu.

Cha kutazama ni upande na upande. Gurudumu la mbele kushoto na la mbele kulia yanapaswa kufanana. Moja likiwa jeusi sana na mwenzake karibu safi, kuna mawili. Ama etriye ya upande mweusi imekwama na plaketi haiachi disiki hata usipokanyaga, ama ya upande msafi haifanyi kazi na gari linasimama kwa mguu mmoja. Ili kutofautisha, endesha kilomita chache kwenye barabara tambarare bila kutumia breki sana, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila janti bila kugusa disiki. Upande uliokwama utakupiga joto kabla hujaufikia. Kwetu chanzo cha kawaida ni matope ya msimu wa mvua: yanaingia kwenye zile pini ambazo etriye huteleza juu yake, mpira wa kuzikinga unapasuka, pini zinashika kutu. Mekanisye akizitoa, akazisafisha na kuzipaka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, mara nyingi mambo yanakwisha bila kununua etriye nyingine. Akitaka kupaka grisi ya kawaida ya beringi, mzuie. Grisi ile huyeyuka kwa joto na kuvimbisha mpira.

Kisha tazama vumbi lenyewe. La kawaida ni laini na lina rangi moja. Ukiona chembe nene zinazometameta juani, na ukisikia gari likikwaruza kila unapokanyaga, plaketi imekwisha na bati lake la mgongoni linakula disiki. Hapo hakuna cha kuosha, nenda garaji. Ili usifike huko, chungulia kati ya mikono ya janti kwa tochi ya simu: plaketi mpya huwa na nyama ya milimita 10 au zaidi kidogo, na ikibaki milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Plaketi nyingi zina kibati kidogo kinachopiga mluzi zikikaribia kwisha. Mluzi huo watu huuzoea, wanaongeza sauti ya redio, na mwisho wake wananunua disiki juu ya plaketi.

Jambo la mwisho la kusoma ni unyevu. Vumbi la breki ni kavu. Ukikuta uji mweusi umepakaa kwa mistari kutoka katikati ya gurudumu kwenda nje, au ubavu wa ndani wa tairi umelowa, kuna kitu kinavuja. Grisi nzito hutoka kwenye mpira wa kardani uliopasuka, au kwenye beringi. Majimaji mepesi yenye utelezi, yanayobandua rangi pale yalipogusa, ni mafuta ya breki. Gari la namna hiyo haliendi hata sokoni mpaka mtu amelitazama.

Sasa maji. Osha asubuhi kabla gari halijatembea, chini ya kivuli, janti ikiwa baridi kabisa. Sheria hii ina uzito zaidi kwa anayeteremka ziwani, Kasenyi au Tchomia. Bunia iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,200, na Ziwa Albert liko chini, karibu mita 620. Ukipita Bogoro barabara inakuteremsha ukingo wote hadi ziwani, na breki zilizobanwa njia nzima hufika chini zikinuka. Kuna wanaofika ufukweni na kumwagia magurudumu maji ya ziwa papo hapo ili yapoe. Disiki ya moto ikipigwa maji ya baridi upande mmoja inaweza kupinda, na tangu siku hiyo pedali itatetemeka chini ya mguu wako kila unaposimamisha gari. Iache ipoe yenyewe, kula samaki kwanza.

Huhitaji maji mengi, na kwa mtaa ambao bomba la REGIDESO halifiki hilo ni muhimu. Bidoni moja ya lita 20 inatosha magurudumu manne ukijua kuigawa. Weka lita tano hivi kwenye ndoo pamoja na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kifuniko kimoja au viwili. Yaliyobaki ni ya suuza, na usiyamwage kwa kikombe: toboa matundu kwenye kizibo cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijaze, ibane. Mkondo mwembamba wenye nguvu hufanya kazi kubwa kuliko ndoo iliyopinduliwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni mazuri kuliko ya kisima, kwa kuwa hayaachi madoa meupe yakikauka.

Chukua gurudumu moja, ulimalize, ndipo uende kwa lingine. Ukipaka sabuni yote manne kwa pamoja, la kwanza litakauka kabla hujalirudia. Anza kwa maji matupu ili mchanga mwekundu ushuke wote, maana ukiingiza kitambaa mapema unasugua rangi kwa mchanga. Kisha sabuni, kwa burushi yenye nywele laini. Burushi ya kuoshea chupa za mtoto, ile ndefu na nyembamba, hupita kati ya mikono ya janti na kufika ndani, kwenye pipa la nyuma ambako weusi mwingi hujificha. Mswaki wa zamani ni wa kuzunguka nati. Usiponde, usikandamize, acha sabuni ifanye kazi dakika mbili tatu bila kukauka. Pale palipoganda, lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, kifunike juu ya sehemu hiyo kama dakika kumi, ndipo urudi na burushi. Suuza kuanzia juu, kausha kwa fulana ya pamba iliyochakaa. Vitambaa vya magurudumu visiguse bodi ya gari hata kwa bahati mbaya. Vimebeba vipande vya chuma, navyo vitachora milango yako.

Wapo watakaokuambia Omo inatosha. Inatoa uchafu, kweli, lakini ni kali, na ukiitumia kila wiki vanishi inafifia na alumini iliyo wazi inageuka kijivu. Waya wa chuma wa kusugulia masufuria usiukaribishe kabisa. Unaacha mikwaruzo ambayo vumbi la kesho litajikita ndani yake, na unaacha vipande vya chuma vyake mwenyewe. Maji ya betri, ambayo kuna watu huyatumia kwa sababu yanang'arisha kwa dakika moja, ni asidi ya sulfuriki: yanakula alumini, nati na ngozi ya anayeosha. Ndimu iliyochanganywa na maji inaweza kusaidia kwenye kidoti cha kutu juu ya janti yenye vanishi nzima, kwa muda mfupi, kisha unasuuza sana. Janti isiyo na vanishi usiijaribie ndimu.

Kwa vidoti vilivyokwisha kuingia, kuna dawa za kuondoa chuma, zisizo za asidi kali, ambazo maduka makubwa ya vipuri ya Kampala huuza. Zikikuta chuma hugeuka rangi ya zambarau na kutiririka, na mtu anayeziona mara ya kwanza hudhani janti inavuja damu. Zinanuka vibaya. Uvae glavu, utumie nje penye hewa, na usiziache zikauke. Janti safi, baridi na kavu ipakwe nta ya gari, safu nyembamba, mbele na ndani ya pipa. Nta haizuii vumbi kutua, inazuia lisishike, na wiki ijayo maji na sabuni kidogo vitatosha. Joto la breki huila, kwa hiyo rudia kila mwezi au miezi miwili, kulingana na unavyoendesha.

Ukipeleka gari lavaji, simama hapo hapo. Desturi yetu ya kupuliza mazutu chini ya gari ili ling'ae ni adui wa breki kuliko vumbi lolote. Mazutu huingia kwenye plaketi, plaketi inakuwa na utelezi, na siku hiyo hiyo ukikanyaga kwenye Boulevard de Libération mbele ya pikipiki iliyokatiza ghafla, gari linakwenda mita zaidi ya ulizozoea. Pia huvimbisha mipira ya sehemu za chini. Mwambie kijana mapema, kabla hajajaza pampu: "Mudogo yangu, mazutu hapana ku magurudumu." Anayesisitiza kwamba wateja wote wanaipenda, mpe pesa ya sabuni na umwombe burushi. Mashine ya maji ya nguvu nayo isielekezwe karibu sana na mipira ya etriye wala ubavu wa tairi.

Na mtoni? Najua mito ya Shari na Nyamukau ina maji ya bure, na gari likiingia hadi kwenye vitovu vya magurudumu linatoka linang'aa. Chini ya pale unapooshea kuna mama anayefua, na kuna watoto. Mwaka 2010 majimbo ya Washington na California huko Marekani yalipitisha sheria za kupunguza shaba kwenye plaketi, na sababu ilikuwa maji: shaba ya vumbi la breki ilikuwa inaoshwa na mvua mpaka mitoni na kudhuru samaki, samoni hasa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni za Euro 7, na kwa mara ya kwanza kiasi cha vumbi ambalo breki za gari jipya zinaruhusiwa kutoa kimewekewa mpaka. Sisi hatuna kipimo hicho, lakini tunaweza kuoshea nyumbani, penye udongo au changarawe, mbali na kisima na mfereji.

Kuosha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulipunguza vumbi lenyewe, na hapo plaketi na mguu wako ndio wenye neno. Plaketi za kiwandani za magari ya Kijapani kwa kawaida hutoa vumbi kidogo. Za magari ya Ulaya, Mercedes na BMW kwa mfano, hushika kwa nguvu na kuchafua sana, na mwenye gari hilo asishangae. Za seramiki hutoa vumbi jepesi la kijivu lisilonata sana. Zenye chuma kingi hustahimili joto la miteremko, nazo ndizo zinazoweka weusi. Anayeshuka ukingo wa ziwa na mzigo kila wiki nisingemwambia atafute usafi wa janti kwa gharama ya breki. Achukue zenye nguvu, aoshe mara nyingi zaidi. Zile za bei ya kutupa, zilizo kwenye boksi lisilo na namba wala jina la kiwanda, hulika upesi na kuila disiki pia, na ukipiga hesabu ya mwaka ni ghali kuliko nzuri.

Mguu nao. Kwenye mteremko ingiza gia ya pili, au ya kwanza pakiwa pakali, uache injini ilishike gari. Kwenye otomatiki sogeza kwenye L au 2. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie, usiiburuze mguu umelala juu yake kilomita nzima. Mjini, tazama mbali: ukiona dodani au kundi la pikipiki kwenye mzunguko, ondoa mguu kwenye moto mapema. Dereva wa namna hiyo nilimjua kwa janti zake kabla sijapanda gari lake.

Garaji ina hatari yake. Mekanisye akifungua tamburi hukuta unga uliojaa, na mazoea ni kuupuliza kwa kompresa, au kwa mdomo. Plaketi za zamani, na fodo zile za ndani ya tamburi, zilitengenezwa kwa amianti, nyuzi ambazo zikiingia mapafuni hazitoki na huleta saratani miaka mingi baadaye. Ufaransa iliipiga marufuku tangu Januari 1997 na Umoja wa Ulaya wote kufikia 2005, lakini si nchi zote zimefanya hivyo, na kwenye boksi lisilo na jina huwezi kujua kilichomo. Mwombe fundi alowanishe unga kwa maji ya sabuni kutoka kwenye chupa ile yenye kizibo kilichotobolewa, aufute kwa kitambaa na kukitupa. Watoto wasisimame karibu. Hata bila amianti, unga ule si wa kuvutwa.

Ukimaliza kuosha, usivute breki ya mkono na kuliacha gari usiku kucha. Breki zilizolowa hushikana na kutu, na asubuhi gari halitasogea, au litasogea kwa mshindo. Endesha mita mia kadhaa ukikanyaga taratibu mara kadhaa ili disiki zikauke, kisha egesha ukiwa umeingiza gia na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Ukikuta asubuhi utando wa kutu wa rangi ya chungwa juu ya disiki, usiogope. Breki chache za kwanza zitaufuta. Na kama gurudumu lilitolewa ili kusafisha etriye, kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka, halafu uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.